Kwera wa Kilifi ana nyumba mbili, sisi tunaongelea moja tu

Kila tukiongelea kwera wa Kilifi, ndege msuka viota wa pwani ya Kenya, tunarudi kwa miti ya mrihi, mrihi, mrihi, mpaka nimechoka. Sawa, mchana utampata huko juu kweli, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke ama Dakatcha, na hapatikani kwingine duniani nje ya Kilifi. Lakini kumwona ni kazi, manake wanatembea kundi zima juu kabisa wakidonoa wadudu kwenye majani, shingo inakuuma na ukishika darubini vizuri washahama mti wa tatu. Ukibahatika dume akashuka kidogo utaona kichwa cheusi ti, mgongo mweusi, halafu tumbo la njano inayowaka, na mabawa meusi yenye kingo za njano kama mtu amepitisha brashi nyembamba kila unyoya. Jike yeye kijanikijani juu, njano chini, akitulia kwenye majani humwoni.

Sasa hapa ndo kuna stori yenyewe. Huyu ndege alipewa jina la kisayansi 1913, Ploceus golandi, na kiota chake hakuna mtaalamu aliyekijua mpaka 2013. Miaka 100! Watu wanatafuta juu ya miti, kumbe mvua ikinyesha vizuri jamaa anashuka Dakatcha kwenye bwawa la msimu, anasuka kwenye nyasi na ndago zilizosimama majini. Si mrihi hata kidogo.

Ndo maana mi nasema bwawa lile lihesabiwe sawa na msitu. Arabuko-Sokoke angalau ni msitu wa serikali, kuna askari, Dakatcha kubwa yake ni ardhi ya jamii na mrihi unakatwa kila leo, mara makaa mara shamba la mananasi. Na simlaumu mtu anayechoma makaa alipie watoto skuli, ningekuwa mimi pengine ningechoma pia. Lakini msitu ukifyekwa kila mtu anaona visiki, bwawa je? Miezi ya kiangazi ni bonde kavu la nyasi tu, ng'ombe wanapita, ukimwambia mtu hapa ndo leba wodi ya ndege ambaye yuko Kilifi peke yake atakucheka. Akilima pale wakati wa jua hatajua ameharibu nini, na kwera watarudi mvua ya pili wakute mahindi.