Huku Mtoto wa Kituo Anafundisha, Kwetu Anaimbia Wageni

Hapa California, ukiomba kulea mtoto ambaye serikali imemwondoa kwao, kaunti haikukabidhi mtoto kabla hujakaa darasani. Nilimtarajia mama wa makamo mwenye miwani na mafaili. Akaingia msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kucha za rangi ya chungwa, akaandika jina lake ubaoni. Mwalimu ndiye huyo. Amelelewa katika nyumba za watu tangu akiwa mdogo, na bado yumo, maana jimbo hili linamruhusu kijana kubaki chini ya ulezi wa serikali hadi miaka 21.

Bwana mmoja wa viti vya mbele akasema kwake mtoto akifika, jambo la kwanza ni kusomewa sheria za nyumba. Msichana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia: usiku wa kwanza mwonyeshe friji, mwambie anaweza kuifungua bila kuomba. Mwonyeshe swichi ya taa ya chooni. Sheria zitangoja asubuhi. Akaeleza alivyokuwa akificha mkate chini ya godoro, na mlezi wake akaona ni utundu tu. Darasa zima likashika kalamu.

Nilifurahi. Halafu nikawaza nyumbani Kenya, nikaudhika.

Mtoto wa kituo cha kwetu cha kulelea watoto mnamjua. Basi la wageni likiingia getini Jumamosi, anavalishwa sweta safi, anapangwa mstari, anaimba, anashukuru, anapigwa picha kando ya magunia ya unga. Akitimiza miaka kumi na minane anaonyeshwa geti lile lile, na hakuna anayemuuliza tena chochote. Kisha wakubwa wa mambo ya watoto wanakwenda Naivasha kwa warsha ya siku tatu kuhusu kumsikiliza mtoto. Mwezeshaji ni daktari fulani wa chuo kikuu, chai saa nne, posho jioni. Mtoto wa kusikilizwa hayumo, labda kwenye jalada la ripoti.

Najua majibu yenu. “Umevuka bahari juzi, leo unatudharau.” Sidharau mtu. Tena kuna mahali tunawapita hawa watu mbali sana. Marekani ilibidi itunge sheria, mwaka 2008, ya kulazimisha maafisa wawatafute na kuwaarifu ndugu wa mtoto ndani ya siku 30 baada ya kumwondoa kwao. Sheria! Kwetu shangazi huwa kashafika na lesso begani kabla chifu hajapata habari. Watoto wangapi kijijini wamelelewa na nyanya bila fomu hata moja?

Wala Marekani si peponi. Watoto wa hapa wanahamishwa nyumba hadi nyumba, nguo zao zikiwa ndani ya mifuko ya takataka. Na hata huku wapo wanaomwita kijana asimulie machungu yake dakika kumi, watu wafute machozi, apewe kadi ya zawadi ya dukani aende zake, ndipo mtaalamu aanze “somo lenyewe”. Hiyo haina tofauti na kwaya ya Jumamosi. Ninachosifu ni kwingine: pale kijana anaposaidia kuliandika somo, anapochagua mwenyewe atakachosema na atakachokalia kimya, na anapolipwa. Haya hayakuanguka kutoka mbinguni. California Youth Connection, chama cha vijana wa malezi haya, kipo tangu 1988, na wanachama wake huenda Sacramento kuwakabili watunga sheria uso kwa uso.

“Mtoto amfundishe afisa mwenye digrii?” Ndiyo. Digrii haikumlaza ndani ya bweni la vitanda arobaini. Nilitegemea hoja hii ingetoka kwa wazee, lakini wanaonitumia ujumbe ni rika langu, tena waliosoma.

“Pesa ziko wapi?” Ziko Naivasha.

Na msiniambie tungoje wakati ufaao. Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022, na mwaka huo huo ikatangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Maelfu ya watoto watarudi kwa wajomba wasiowafahamu. Ni nani atakayemwambia mjomba kwamba mtoto huyu hajawahi kuchagua nguo ya kuvaa, au kwamba ukimwachia sufuria ya ugali pasipo kengele ya chakula atasimama tu akingoja aitwe? Waliotoka vituoni wanayajua haya, nao hawajajificha: wana chama, Kenya Society of Care Leavers, na simu zao zinapatikana.

Basi warsha ijayo waiteni, na jina lao liandikwe kwenye ratiba asubuhi, watu wakiwa macho, si baada ya chakula cha mchana. Walipwe kiasi kile kile anacholipwa yule daktari. Soda na tishati bakini nazo wenyewe.