Bosi Ana Unyevu

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya jamaa yangu wa Ligula kuhusu yaliyonikuta ofisini: sijavujisha mishahara ya mtu, sijafukuzwa kazi, na sikuwa nimekunywa uraka, ile pombe ya mabibo. Hilo la uraka limeshamfikia mama yangu Mikindani, kanipigia saa kumi na moja alfajiri. Acheni niseme mwenyewe. Ni juzi tu Ijumaa, uso bado unawaka.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya mambo ya korosho hapa Mtwara mjini, jina libaki hukohuko. Uhasibu wote ni Windows. Bosi ana Mac aliyoletewa na mwanawe, na ukimshauri aiache ni kama umemtukania mtoto. Nikaona nioneshe maarifa: nikatoa kompyuta chakavu stoo, nikaiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, nikaweka na Samba ili wote wafungue folda moja. Bosi akauliza kama Samba ni ile ngoma ya Brazili. Nikamwambia hapana Mzee, ni programu aliyoianzisha Andrew Tridgell wa Australia, ilitoka mwaka 1992, inaifundisha Linux kuzungumza SMB, lugha ambayo Windows hupeana mafaili kwayo. Jina alilipata kwa kupekua kamusi akitafuta neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo.

Mzee akafikiri kidogo. "Kwa hiyo angepekua kamusi yetu ingeitwa Simba?"

Mzee ni Yanga. Nusura anikatalie mradi.

Basi mitambo ikafanya kazi miezi minne bila kelele, nami nikavimba kichwa. Na mwezi ujao naoa (michango bado inapokelewa, msijifanye hamjaona). Alhamisi jioni ofisi imetulia, nikakaa kwenye ile Linux nikaandika orodha ya walioahidi. Jina, ahadi, alichotoa, na safu ya mwisho nikaiita "Daraja". Si tupo kwenye korosho? Nikawapanga wenzangu kama mzigo ghalani. Ilikuwa ya macho yangu na ya kaka yangu tu.

Sasa printa yetu inamsikiliza keshia peke yake, na Linux hawasalimiani. Nikasema niitupie orodha kwenye folda ya wote, asubuhi niwahi kwa keshia niichape, kisha niifute. Nikaiita mchango.xlsx.

Kwenye folda hiyo kulikuwa na MCHANGO.xlsx, orodha ya kumuaga mzee wa stoo anayestaafu. Linux haikunishtua wala kukohoa. Kwake herufi kubwa na ndogo ni watu wawili, kila mmoja na kwao. Kwa Windows ni mtu yuleyule kabadili kofia.

Na dada wa masjala alikuwa na njia yake ya mkato kwenye kompyuta yake, kaiandika kwa mkono wake: Mchango.xlsx, M kubwa, nyingine ndogo. Samba ikiletewa jina ambalo halilingani na faili lolote herufi kwa herufi, inapekua folda na kuchukua la kwanza linalofanana, ukubwa wa herufi haiujali. Miezi yote lilikuwapo moja. Ijumaa yalikuwapo mawili. Mshaanza kucheka? Subirini.

Ijumaa nikachelewa. Bodaboda, pancha, Chikongola, habari ndefu. Nafika saa tatu kasoro, kikao cha kumuaga mzee wa stoo kimeshaanza, projekta inawaka. Wamo na wenyeviti wawili wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kutoka Newala, walikuja kwa mambo yao wakakaribishwa chai. Nikakaa nyuma, nikachukua kitumbua.

Dada akabofya. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kitumbua kiko mdomoni.

Orodha ikafunguka, na nikaona rangi ya kijani ya vichwa vya safu. Kijani nilichokichagua mwenyewe jana yake. Jamani. Mguu wa kulia ukafa ganzi.

Safu za fedha zilikuwa nyembamba, zinaonesha alama za reli tupu, #####, nikasema Mungu yupo. Ila safu ya Daraja nilikuwa nimeipanua vizuri, isomeke.

Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hizi fedha hazionekani. Hebu kuza hapo, utusomee."

Dada akakuza. Na dada yetu ana sauti ya kutangaza mnada. "Mzee Bosi... Daraja la pili. Ana unyevu. Aanikwe tena kabla ya kupokelewa."

Kimya. Feni peke yake ndiyo ilikuwa inaendelea na kikao.

Nataka kupiga kelele "zima!", kitumbua hakipandi hakishuki. Na yeye, macho yake yapo kwenye mstari, mdomo umeshatangulia: "Keshia... ganda zuri, ndani hamna kitu. Dada wa masjala... daraja la kwanza, lakini asipewe maik..." Hapo akajisoma mwenyewe. Akageuka taratibu. Ofisi nzima ikafuata macho yake hadi kwangu, na kitumbua changu.

Mwenyekiti mmoja wa Newala akainua mkono kwa adabu zote. "Samahani mwanangu. Unyevu wa Mzee mmeupima kwa mashine, au mmetikisa tu kwa mkono?"

Mzee wa stoo akacheka mpaka akatolewa nje kupepewa.

Mengine mafupi. Nimeomba radhi mlango kwa mlango, faili nimelifuta, mzee wa stoo ameagwa vizuri. Nilijaribu kueleza habari ya herufi kubwa na ndogo, keshia akaniambia nizibebe zote niende nazo. Bosi hajanisemesha hadi leo, ila jana usiku simu ikalia: ametuma elfu hamsini, nusu ya ahadi, bila neno.

Orodha sasa ipo kwenye daftari, chini ya godoro. Nimelifungua mara tatu, na bado sijajua nimwandike daraja gani.