Usalama wa Sinza hauishii getini

Kila linapotokea tukio la uvamizi katika mitaa ya Sinza, jijini Dar es Salaam, watu wa kwanza kuitwa baada ya polisi ni mafundi ujenzi. Ukuta huongezwa kozi mbili au tatu za matofali, juu yake hupandwa vipande vya chupa au huvutwa waya wa umeme, geti la nondo hung'olewa na kuwekwa la bati zito lisilopenya jicho, na baada ya muda mfupi jirani naye hufanya vivyo hivyo. Mimi ni mkazi wa eneo hili na ninaielewa hofu inayowasukuma watu kufanya hivyo, lakini ninaamini kwamba kuta hizi zimetupunguzia usalama kuliko zilivyotuongezea, kwa sababu zimetuondoa barabarani na kuiacha barabara mikononi mwa vibaka na madereva wenye haraka.

Sinza ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mradi huohuo uliozaa Kijitonyama na Mikocheni tunazozijua leo. Barabara zake za ndani zilikusudiwa kuwahudumia wanaoishi humo, watu wengi wakiwa waenda kwa miguu. Aliyekaa barazani jioni, au nyuma ya uzio mfupi wa michongoma, alimwona anayepita na kumtambua mgeni, na dereva aliyeingia kwa kasi alijua kwamba anatazamwa. Leo mtu akitembea usiku kati ya kuta mbili ndefu, akikwapuliwa simu na vijana walio juu ya pikipiki, anaweza kupiga kelele mbele ya nyumba ishirini zenye watu na asipate hata mmoja anayejua kilichotokea nje.

Barabara hiyohiyo iliyokosa watazamaji ndiyo inayomvutia dereva. Foleni ya Barabara ya Shekilango inapokaza jioni, magari, bajaji na bodaboda huchepuka na kupita katika njia za ndani, na kwa kuwa huona njia tupu yenye kuta pande zote mbili, huongeza mwendo ili kufidia muda uliopotea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, nami naona kiwango hicho ni kikubwa mno kwa njia isiyo na sehemu ya kutembelea. Gari la mwendo wa 50 hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile ya gari hilohilo likienda 30, na ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka nchi ziweke ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchangamana. Watoto wetu huchangamana na magari kila siku, kwa sababu maeneo ya wazi yamepungua na wengine hawana pa kuchezea isipokuwa barabarani.

Wakazi waliochoka kusubiri hujenga matuta wenyewe kwa zege, udongo au magurudumu chakavu. Nia yao ni njema, lakini tuta refu lisilopakwa rangi wala kutanguliwa na alama humwangusha mwendesha bodaboda na abiria wake gizani, na humtesa mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Kazi hii inapaswa kufanywa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na mfano wa kufuata upo hapahapa jijini. Shirika la Amend limekuwa likiboresha barabara zinazozunguka shule za msingi za Dar es Salaam kwa kujenga njia za waenda kwa miguu, matuta yenye vipimo sahihi na vivuko, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na kituo cha utafiti wa miji cha WRI Ross Center. Sioni sababu ya ujuzi huo kuishia kwenye lango la shule.

Kuhusu ulinzi shirikishi, historia yetu ni ya kusikitisha. Wakati wa hofu ya panya road, yale magenge ya vijana waporaji, mwaka 2022, wakazi wa sehemu nyingi za jiji walikubali kuchanga na kupanga zamu za doria, lakini hofu ilipotulia, zamu nyingi zikafifia. Sidhani kwamba watu wana uchoyo wa michango. Watu huacha kuchanga wasiposomewa mapato na matumizi, na vijana wa doria huacha kulinda posho inapochelewa huku wakiwa hawana tochi, buti wala filimbi. Kijana anayelinda mali za wengine usiku kucha kwa ahadi tupu anadhulumiwa, na mtaa unaomdhulumu mlinzi wake hauna haki ya kumlaumu anapolala lindoni.

Lipo jambo moja ambalo ningependa tulitazame bila kuoneana haya, nalo ni kujichukulia sheria mkononi. Tunapompiga na kumchoma moto mtu aliyeitiwa mwizi, tunaua mtu ambaye hajasikilizwa, na mara nyingine hana hatia yoyote. Tabia hiyohiyo hutuumiza barabarani, kwa kuwa dereva aliyegonga mtoto hukimbia akihofia kuuawa na umati, na mtoto hubaki chini akivuja damu wakati gari lililokuwa karibu zaidi kumfikisha hospitali linatokomea.

Vilevile, mfuniko wa chemba ulioibwa ukauzwe kama chuma chakavu ni uhalifu usiku wa kwanza na ni ajali usiku wa pili. Taa ya barabarani iliyozimika humficha kibaka na humficha pia mzee anayevuka. Kwa sababu hiyo, ningependa wenyeviti wa mitaa yetu waache kujadili ulinzi katika mkutano mmoja na barabara katika mkutano mwingine. Michango ya mwanzo iende kwenye taa za kona zenye giza na posho za walinzi, hesabu zake zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi, na barua ya kuomba matuta, alama na ukomo wa kilomita 30 ipelekwe TARURA ikiwa na saini za wakazi na ramani ya sehemu ambazo watu wameshagongwa. Anayejenga ukuta mpya naye aombwe aweke nondo badala ya tofali kuanzia usawa wa kifua, ili walio ndani na walio nje waweze kuonana.