Soya na moyo: faida iko kwenye punje au kwenye chungu?

Soya imeingia katika majiko ya Unguja na Pemba kwa mlango wa uji wa lishe. Nilipokwenda Darajani kununua unga, kijana muuzaji aliukung'uta mfuko, akanionesha neno "soya" lililoandikwa kwa wino wa kijani, akasema: "Huu, bi mkubwa, unasafisha mishipa ya moyo." Unga ambao tumezoea kuwanunulia watoto na wazazi waliojifungua sasa unanadiwa pia kwa wenye presha. Dai la yule kijana si la kupuuzwa, kwani lina historia ndefu maabara, lakini historia hiyo haiendi moja kwa moja kama anavyodhani.

Kinachosifiwa zaidi ndani ya soya ni isoflavoni, jamii ya kemikali za mmea ambazo kubwa zake ni jenisteini na daidizeini. Umbo lake linafanana na la homoni ya estrojeni, kiasi kwamba hushika kwenye vipokezi vya homoni hiyo mwilini, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa kuwa wanawake ambao bado wanapata hedhi huugua mishipa ya moyo kwa uchache kuliko wanaume wa rika lao, haikuwa ajabu watafiti kufikiri kwamba mmea wenye kitu kinachofanana na estrojeni ungeweza kuulinda moyo.

Mwaka 1995 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 38, ambao ulionesha kwamba watu waliokula protini ya soya, kwa wastani wa gramu 47 kwa siku, walipungukiwa na kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 13. Miaka minne baadaye Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji kuandika kwenye vyakula vyao kwamba gramu 25 za protini hiyo kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta machache yanayoganda, huenda zikapunguza hatari ya maradhi ya moyo. Kisha majaribio mapya yakaja na hesabu ndogo zaidi. Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia majaribio 22 mwaka 2006, kilikuta punguzo la asilimia 3 tu, tena kwa gramu 50 hivi za protini. Na isoflavoni zilipopimwa peke yake, kolesteroli haikutikisika. Mwaka 2017 mamlaka ile ile ilipendekeza kuifuta ruhusa yake.

Wanaoitetea soya hawakosi hoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 200,000 wa Marekani kwa miaka mingi, ulikuta kwamba waliokula tofu, yaani jibini la soya, zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 18 kuliko wale ambao haiwapitii hata mara moja kwa mwezi. Lakini mla tofu wa Marekani mara nyingi ndiye huyo huyo anayefanya mazoezi na kuepuka nyama nyekundu, na hesabu hazimtenganishi kikamilifu na mwenendo wake. Hoja inayonivuta zaidi ni ya matumbo: wapo watu ambao bakteria wao huigeuza daidizeini kuwa ekuoli, kemikali yenye nguvu zaidi, na wapo ambao hawana bakteria hao. Huenda basi majaribio yaliyowachanganya wote yaliificha faida ya wachache.

Turudi kwenye mfuko wangu. Soya kavu ina protini kama asilimia 36, kwa hiyo gramu 25 za protini zinadai gramu 70 za punje. Ikiwa unga ni soya kwa sehemu moja katika tano, na kikombe cha uji kinachukua gramu 50 za unga, mnywaji anapata protini ya soya isiyofika gramu 4, na sukari tunayomimina juu yake haimo katika jaribio lolote nililolitaja. Anayetaka kiasi cha kweli ni bora aroweke punje usiku kucha, azifikiche maganda, azisage na azikamue kwa kifumbu kama akamuavyo tui, kisha achemshe maziwa hayo vizuri, kwani soya mbichi huzuia protini isisagike tumboni. Anayetumia vidonge vya tezi ya shingo asivimeze pamoja nayo, maana soya hupunguza ufyonzwaji wake.

Kwa mizani yangu, sehemu kubwa ya faida haitoki kwenye isoflavoni bali kwenye kile ambacho soya imekiondoa sahanini. Kilo ya nyama ikipisha chungu cha soya, mafuta yanayoganda yanapungua na nyuzinyuzi zinaongezeka, jambo ambalo kunde na mbaazi zetu nazo zinaliweza. Soya inazizidi kwa mafuta yake, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wa punje kavu, ambayo mengi ni ya aina isiyoganda. Ila mbaazi hizo sisi huzipika kwa tui zito la kwanza, na mafuta ya nazi yanaganda kwa zaidi ya asilimia 80. Mwenye kolesteroli ya juu akibadili mbaazi kwa soya na kuliacha tui pale pale, amebadili kilicho kidogo.