Fyuzi ya ABS: hoja ya mafundi na kasoro yake

Taa ya manjano ya ABS (mfumo unaozuia matairi kufunga, yaani kuacha kuzunguka, unapokanyaga breki kwa nguvu) ikiwaka kwenye Toyota IST au Noah, ushauri wa gereji nyingi za Ngamiani, Tanga, ni mfupi: chomoa fyuzi, gari lishike breki kama ya zamani. Anayesema hivyo si mjinga. Hoja anayo.

Kwenye barabara ya kokoto, za Mkinga kwa mfano, tairi lililofunga hukusanya kokoto mbele yake, na lile rundo husaidia kulizuia gari. ABS hailiachi tairi lifunge, kwa hiyo rundo halipatikani na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Penye makunyanzi ndiyo balaa: tairi likiruka kidogo tu hufunga, sensa inayosoma mzunguko wa tairi inaripoti utelezi, kompyuta ya ABS inalegeza breki. Pedali inatetemeka, chini kunakoroma, na gari bado linatambaa. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Baadhi ya Land Cruiser huzima ABS zenyewe difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) zikifungwa.

Wapo pia wanaotaja takwimu. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika tathmini yake ya mwaka 2009 ilikuta ABS imepunguza ajali kwa jumla kwa asilimia 6 kwa magari madogo na 8 kwa pikapu na jamii yake. Lakini kwa ajali za vifo faida ilikaribia sifuri. Wanaoipinga ABS huishia hapo. Isomwe mpaka mwisho: vifo vya kugonga watembea kwa miguu vilipungua, na vya kugongana kwenye lami iliyolowa vilipungua, kilichoila faida hiyo ni kuongezeka kwa vifo vya magari yanayotoka nje ya barabara. Sasa angalia lami ya kutoka Segera mpaka Tanga mjini wakati wa masika, na watu wanaotembea pembeni yake tangu alfajiri. Upande wa faida wa hesabu ile ndio unaofanana na kwetu.

Kosa kubwa la mjadala huu ni kuihukumu ABS kwa mita za kusimama, wakati kazi yake ya kwanza ni kukuachia usukani. Tairi lililofunga halisikii usukani: ukikata kushoto, gari linaendelea kule kule lilikokuwa linaelekea. Chukua mwendo wa 80 kwa saa. Gari linakula mita 22 kila sekunde. Bodaboda akiingia barabarani mita 40 mbele yako, sekunde ya kwanza inaisha kabla breki haijashika sawasawa, zimebaki mita 18. Kwenye lami iliyolowa hakuna gari la kawaida litakalosimama kutoka 80 ndani ya mita 18, liwe na ABS lisiwe nayo. Kilichobaki ni kumkwepa. Mwenye ABS anakanyaga mpaka mwisho, anashikilia, huku anakata usukani. Asiye nayo inabidi achague: aachie breki apate usukani, au aing'ang'anie amgonge huku usukani umekatwa wote.

Dereva mzoefu anapampu pedali mwenyewe, wanasema. Sawa, lakini mguu wake mmoja unabana matairi yote manne kwa pamoja. ABS inaweza kulilegeza tairi la mbele la kushoto lililoangukia mchanga wa pembeni na kuliacha la kulia likibana, na ikarudia hivyo mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Na anayepampu kwenye gari lenye ABS anajipunja tu.

Turudi kwenye fyuzi. Magari ya zamani yalikuwa na vali ya kupunguza breki za nyuma, maana ukikanyaga kwa nguvu uzito unahamia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Kwenye magari mengi ya ABS vali hiyo haipo tena. Kazi yake imepewa kompyuta ile ile, na ndiyo inayoitwa EBD. Chomoa fyuzi, hakuna tena wa kuzipunguza breki za nyuma. Matairi ya nyuma yanaweza kufunga kwanza na gari likageuka mkia mbele. Ndiyo maana Toyota nyingi zikichomolewa fyuzi huwasha taa mbili, ya manjano na ile nyekundu ya breki. Anayeteremka kutoka Soni kwenda Mombo na taa hizo mbili haendeshi gari la kizamani. Anaendesha gari ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulitengeneza hivyo.

Na mara nyingi kilichowasha taa ni kitu kidogo. Pima kwa kompyuta ya gereji kwanza, ujue ni tairi lipi. Sensa za koili, zenye waya mbili, husoma kati ya ohm 800 na 2,000 hivi. Mita isiposoma kitu, sensa imekata. Kagua waya pale unapopinda karibu na shokapu. Kwa magari yanayolala Raskazone au Pangani, kwenye upepo wa chumvi, tazama ringi ya meno inayosomwa na sensa: kutu hutuna chini yake mpaka ikapasuka, na dalili yake ni pedali kukoroma gari linapokaribia kusimama, hata barabara ikiwa kavu.

Beringi mpya nayo ina mtego wake. Nyingi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, na upande huo lazima uelekee sensa. Ikiingizwa kinyume, tairi linazunguka vizuri, hakuna kelele, ila taa haizimi. Mteja ananunuzwa sensa, taa iko pale pale. Kabla ya kuigonga beringi, igusishe pini ndogo pande zote mbili. Upande wa sumaku utaivuta kidogo. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya maji, na maji hayo ndiyo yanayokula vali za pampu ya ABS, kifaa ghali kuliko vyote hapo.

Anayeishi kwenye kokoto mwaka mzima, na gari lililotoka kiwandani bila ABS, hapungukiwi sana. Wengine, unaponunua la mtumba fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya ABS iwake, kisha izime baada ya sekunde tatu hivi. Isipowaka kabisa, huenda glopu imetolewa au imezibwa kwa plasta nyeusi, na hapo bei izungumzwe upya.