Hitler aliingia kwenye kikoba chetu, daftari halikufunguliwa

Jumapili iliyopita, kwenye kikoba chetu, kijana mmoja fundi friji, mpole, ambaye kwa kawaida sauti yake tunaisikia pale tu anapoitwa kununua hisa, alisimama akamwambia mwenyekiti: "Mama, kwa kweli sasa umekuwa Hitler."

Alikuwa ameuliza mara tatu kwa nini hesabu za mfuko wa jamii hazijasomwa kwa miezi mitano. Mara tatu aliambiwa asubiri. Ya nne ndiyo hiyo.

Basi, kikao kikafa palepale. Mwenyekiti akavua miwani, akaiweka juu ya daftari, akasema haendelei na lolote mpaka aombwe radhi. Wazee wakaguna. Mama mmoja akaanza kulia kwa niaba ya mwenyekiti, sijui nani alimtuma. Ikaundwa kamati ya usuluhishi ya watu watatu, ikatoka chini ya mwembe, ikakaa huko dakika arobaini, ikarudi na uamuzi: kijana aombe radhi na alipe faini ya elfu tano kwa lugha isiyo na staha. Akaomba. Akalipa. Tukapiga makofi, tukala maandazi, tukafunga kwa sala. Niko ndani ya bajaji narudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba daftari halikufunguliwa.

Na mimi ndiye katibu. Aibu yangu.

Nimekaa na hasira hii wiki nzima, na naomba mama mwenyekiti asidhani ni yake peke yake. Mchezo huu nimeuona ukichezwa na wakubwa zaidi yetu, tena mbele ya kamera. Mtu anauliza jambo zito, anateleza na neno moja, na kuanzia hapo jambo linakuwa neno. Kila mwenye deni la kujibu anapumua.

Mfano ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Dick Durbin, seneta wa Illinois. Tarehe 14 Juni 2005 alisimama kwenye Seneti ya Marekani akasoma maandishi ya afisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyekuwa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba. Afisa, si mwanaharakati. Anasema aliingia vyumba vya mahojiano akakuta wafungwa wamefungwa minyororo mikono na miguu, wamekunjwa sakafuni kama mtoto tumboni, hakuna kiti, hakuna chakula, hakuna maji. Wengi walikuwa wamejikojolea na kujinyea. Walikuwa wameachwa hivyo saa 18, saa 24, wengine zaidi. Siku moja kiyoyozi kilikuwa kimeshushwa mpaka mfungwa, miguu mitupu, anatetemeka. Siku nyingine kiyoyozi kimezimwa kabisa, chumba hakina hewa, joto limepita nyuzi 38, na mtu yuko chini karibu hajitambui. Pembeni yake kuna rundo la nywele. Nywele zake mwenyewe. Inaonekana alikuwa akizing'oa usiku kucha.

Durbin alipomaliza kusoma akasema kwamba kama asingewaambia ni Wamarekani waliofanya hayo, wasikilizaji wangeamini ni kazi ya Wanazi, au Wasovieti katika makambi yao, au Pol Pot, yule mtawala muuaji wa Kambodia.

Haya, kisieni Marekani ilizungumza nini wiki nzima iliyofuata. Nywele? Minyororo? Nani alizima kiyoyozi, kwa amri ya nani? Thubutu. Ikulu ikang'aka. Republican wakataka aombe radhi, wengine wakataka Seneti imkemee rasmi. Jumuiya za Kiyahudi zikalalamika. Hata Richard Daley, meya wa Chicago, wa chama kilekile cha Durbin, akasema ni fedheha. Tarehe 21 Juni seneta akarudi palepale, sauti inakatika, machozi yanamlengalenga, akamnukuu Lincoln, akaomba radhi kwa wanajeshi na kwa wote walioumizwa na maneno yake.

Sasa mniambie nyinyi: yule mwenye rundo la nywele pembeni, nani alimwomba radhi?

Hilo swali linanikera mpaka leo, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Siku saba taifa kubwa hivyo linashughulika na hisia za watu waliosikia hotuba, na mtu aliyeng'oa nywele zake hana hata mstari. Tena Durbin hakusema Wamarekani ni Wanazi. Alisema ungeambiwa ukisie, ungekisia hao. Ni tofauti kubwa, lakini nani alikuwa na muda wa tofauti? Radhi ilipopatikana, watu walifanya kama sisi na maandazi yetu.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Durbin alijikwaa mwenyewe. Yale maandishi ya afisa yalikuwa yanatosha. Ungeyasoma, ukanyamaza, ukakaa, wangebaki nayo mapajani. Hitler hana tabia ya kukaa kimya kwenye kona ya sentensi. Ukimkaribisha tu, anahamia kiti cha mbele. Durbin aliwapa watu kitu cha kushika badala ya zile nywele, nao wakakishika kwa mikono miwili.

Ukidhani hayo ni ya Marekani tu, mwangalie Duterte, aliyekuwa rais wa Ufilipino. Septemba 2016 alisema Hitler aliua Wayahudi milioni tatu (hata idadi alikosea, ni milioni sita), na kwamba yeye ana waraibu wa dawa za kulevya milioni tatu ambao angefurahi kuwachinja. Dunia ikalipuka. Siku chache baadaye akaomba radhi, kwa Wayahudi. Kwa Wayahudi tu! Sehemu ya kuchinja raia wake alibaki nayo, na watu waliendelea kuuawa mitaani. Radhi ikapokelewa, habari ikapoa. Machi 2025 alikamatwa akapelekwa The Hague, na mashitaka yake hayana uhusiano wowote na kumtaja Hitler.

Wengine nitawapitia haraka, maana hawastahili wino. Berlusconi, waziri mkuu wa Italia, mwaka 2003 alimwambia mbunge wa Kijerumani, Martin Schulz, kwamba angefaa kuigiza mnyapara wa kambi ya mateso. Ugomvi ukakua mpaka Schröder, kansela wa Ujerumani, akafuta likizo yake ya Italia, nusu ya Ulaya ikacheka. Erdoğan, rais wa Uturuki, mwaka 2017 aliwaita Waholanzi masalia ya Wanazi kwa sababu waziri wake alizuiwa kuhutubia Rotterdam, mji uliobomolewa kwa mabomu ya Hitler mwaka 1940. Radhi hakuomba.

Na huku kwetu? Sisi hata hiyo anasa ya kushinikizwa tuombe radhi hatuna. Mwaka 2016 Tundu Lissu alisema "dikteta uchwara", akajikuta mahakamani Kisutu.

Lakini nisije nikaonekana natetea kila anayeropoka. Shuleni kwetu mwalimu wa nidhamu tulimwita Hitler. Kila shule nadhani ilikuwa na wake. Wa kwetu sifa yake ilikuwa fimbo ya mkwaju na viatu visivyo na sauti. Tulilitaja jina hilo tukicheka, tukiosha sufuria za maharage, na hakuna aliyetuambia tunataja nini. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku niliyosoma habari za mtu wa hapahapa Dar.

Alizaliwa 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe, bado mtoto, alitiwa kwenye vita ya kwanza upande huohuo akajeruhiwa. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki, akaoa, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu, akapata vijisehemu kwenye filamu. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilitengenezwa na Wanazi kumtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waendao kwa miguu Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi.

Mwalimu wa Kiswahili. Lugha hii hii ninayowaandikia, na ambayo kijana wetu aliitumia kumfananisha mama wa watu, aliyechelewesha hesabu, na waliomuua yule mwalimu.

Kwa hiyo ndiyo, mfano unaweza kuwa tusi kwa waliokufa. Marjorie Taylor Greene, wakati huo mbunge wa Marekani, aliposema mwaka 2021 kwamba kulazimishwa kuvaa barakoa ni sawa na Wayahudi kuvalishwa nyota ya njano, alistahili kila alichoambiwa. Barakoa! Yeye angalau alikwenda kwenye jumba la makumbusho la mauaji ya Wayahudi pale Washington, akaangalia, akatoka akaomba radhi. Sijui moyoni alikuwa na nini, lakini miguu yake ilifika.

Tatizo langu ni radhi ambayo haimfikishi mtu popote. Sisi neno hili tulilipewa zito. Radhi ni ya mzazi. Kuna watu wamefunga safari kutoka Mwanza hadi Tanga kwenda kupiga magoti kwa sababu ya radhi. Leo mwanasiasa anasimama na karatasi aliyoandikiwa na msaidizi: "Kama kuna yeyote aliyekwazika." Hilo "kama" ni la nini? Waliokwazika wamejaa mlangoni wanakupigia kelele, wewe bado unafanya utafiti?

Hapo ndipo namkumbuka Lula, rais wa Brazil. Februari 2024, akiwa Addis Ababa kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, alisema yanayowapata Wapalestina Gaza hayajawahi kutokea wakati mwingine wowote, kisha akajisahihisha: yalitokea, Hitler alipoamua kuwaua Wayahudi. Israel ikampiga marufuku mpaka afute kauli, ikamwita balozi wa Brazil, si wizarani, bali Yad Vashem, kwenye makumbusho ya waliouawa. Lula akakataa kuomba radhi. Mimi mfano wake siukubali. Watu ambao bibi zao waliishia kwenye tanuri wana haki ya kushtuka. Lakini nilifuatilia habari zile siku kadhaa, na kila asubuhi sentensi yake ilikuwa juu ya ukurasa, na idadi ya waliozikwa Gaza siku hiyo ilikuwa chini, kwa herufi ndogo.

Kuna mambo ambayo hayahitaji hata mfano. Idi Amin, Septemba 1972, alimpelekea telegramu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kumsifu Hitler kwa kuua Wayahudi milioni sita. Huyo hakufananisha, alishangilia. Na katibu mkuu aliyeipokea alikuwa Kurt Waldheim, ambaye mwaka 1986 ikaja kujulikana alikuwa ameficha habari za utumishi wake katika jeshi la Hitler kule Balkan. Ukitunga kisa hiki mhariri atakurudishia, atakwambia umezidisha.

Na kama mnataka kujua radhi inafananaje ikiwa na macho, nitawapeleka Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Frank-Walter Steinmeier, rais wa Ujerumani, alikwenda pale kwenye makumbusho ya Majimaji, akakaa na wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia mababu zao. Hakusema "kama". Alikwenda kwa waliokosewa, akataja kosa, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la chifu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, fidia ni ugomvi mwingine, na fuvu lenyewe ahadi tu. Lakini angalieni radhi inaelekea wapi: inaelekea kwa wenye maiti.

Juzi yule fundi alikuja kuniangalizia friji. Nikamuuliza, mdogo wangu, Hitler ulimtoa wapi? Akacheka, bisibisi mdomoni. "Dada katibu, nilishasema 'naomba ufafanuzi' mara tatu. Nikaona nikisema dikteta nayo hawatageuka." Akafunga kifuniko cha nyuma, friji ikanguruma. "Wakageuka. Ila wakanigeukia mimi." Kisha akaniuliza hesabu zimefikia wapi.

Daftari bado liko kwa mwenyekiti. Ila ajenda naandika mimi, na ya Jumapili hii nimeshaiandika. Namba moja, sala. Namba mbili, kusomwa kwa mfuko wa jamii. "Mengineyo" ni namba tisa. Anayetaka kuombwa radhi atusubiri huko.