Anayejifunza kutengeneza saa na aanze kwa kubadilisha mashine nzima

Fundi mmoja wa saa wa Birere, mtaa wa hapa Goma, mzee ninayemheshimu tangu nilipokuwa mtoto nikipita mbele ya meza yake ya kioo kwenda shuleni, aliniambia neno ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Nilikuwa nimemwonyesha saa yangu ya mkono ya Seiko 5 niliyoitia mashine mpya, yaani mtambo wote wa ndani unaoiendesha, kwa mikono yangu mwenyewe, nikitarajia apendezwe. Aliigeuza, akaisogeza sikioni, akasema: “Mwalimu, inatembea vizuri, lakini hukuitengeneza. Umemtoa mgonjwa kitandani ukamlaza mtu mzima wa afya.” Sikumjibu siku ile, kwa maana mkubwa hajibiwi harakaharaka. Hata hivyo nimelitafakari neno lake kwa miezi mingi, na sasa nataka kueleza kwa nini ninaamini kwamba kwa mtu anayejifundisha mwenyewe kutengeneza saa, hasa katika mji kama wetu wa Goma, kubadilisha mashine nzima ndiyo njia sahihi ya kuanzia.

Saa yenyewe haina makuu. Ina mashine inayoitwa 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996, ambayo watu wengi wameipenda kwa sababu haihitaji betri na huvumilia mengi. Ndani yake mna vito 21 vya kupunguza msuguano, na gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kuipa saa mwendo wake, hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 6 kwa kila sekunde. Haitiwi ufunguo kwa mkono: kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara huzunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaoikaza springi kuu. Yangu ilianza kuchelewa dakika tano kwa siku, kisha ikawa inasimama usiku, na nilipoifungua nilikuta mafuta yamekauka na kuacha doa la kahawia kuzunguka vito.

Kuiponya mashine hiyo kwa njia ambayo Mzee anaiita ufundi ni kuifumua yote, gurudumu moja baada ya jingine, kuosha kila kipande, kuirudisha kwa mpangilio uleule na kuitia mafuta ya aina mbalimbali: mazito mahali panapozunguka polepole kwa nguvu, mepesi sana kwenye ncha za gurudumu la mizani. Nanga, kipande kidogo chenye umbo la uma kinachoruhusu na kuzuia magurudumu kwa zamu, ina vijiwe viwili vilivyobandikwa kwa gundi ya shelaki, na mtu akiitumbukiza katika pombe kali, gundi inayeyuka na vijiwe vinaondoka. Mkono ambao haujawahi kushika vitu hivi utaharibu jambo fulani, na utaliharibu katika saa ambayo mwenyewe anaitegemea asubuhi ya kesho. Mimi nilinunua mashine ya NH36, ndugu mdogo wa ile yangu, ambayo kundi la Seiko huiuza kwa watengenezaji wengine. Ina vito 24, mapigo yaleyale 21,600, inakubali kutiwa ufunguo kwa mkono, mshale wa sekunde husimama unapovuta taji, kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa, na springi ikikazwa yote inatembea kwa takriban saa 41. Nilitoa dola 45 pamoja na usafiri, na rafiki aliyekuwa Kigali akaniletea.

Msomaji wa mahali pengine anaweza kudhani kwamba kazi hiyo ni kufungua mfuniko, kutoa hiki na kuweka kile. Anayeishi hapa anajua kwamba kabla ya yote kuna vumbi. Mji wetu umejengwa juu ya lava. Ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na nyingine ya tarehe 22 Mei 2021 ilikoma pembezoni mwa mji. Pikipiki zimeisaga lava hiyo barabarani mpaka imekuwa unga mweusi unaoingia katika nyumba, katika vitabu, katika chakula. Unga huo ni mkali kama msasa. Chembe moja ikiangukia kati ya meno ya gurudumu, inatosha kuisimamisha saa, na ikikaa juu ya uso wake chini ya kioo, utaiona kila siku ya maisha yako. Kwa hiyo ninafanya kazi baada ya mvua, madirisha yakiwa yamefungwa, juu ya meza iliyopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, na kila kipande kisichotumika ninakifunika kwa kikombe cha kioo kilichopinduliwa. Mashine iliyofumuliwa yote hukaa wazi mezani kwa siku kadhaa. Mashine nzima inayobadilishwa hukaa wazi kwa muda wa saa mbili. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kunishawishi.

Naomba nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo ninapoona ufundi ambao Mzee hakuuona.

Kijiti kinachounganisha taji na mashine hutolewa kwa kubonyeza kitufe kidogo sana kando yake. Mara ya kwanza nilikibonyeza kwa nguvu kupita kiasi, na sehemu za ndani zinazowezesha mishale kusogezwa zikatoka mahali pake, nikalazimika kuondoa uso ili nizirudishe. Kijiti kipya huja kirefu kwa makusudi, na kazi ya kukifupisha ndiyo inayompima mtu uvumilivu. Unakata kidogo, unapiga tupa, unakisafisha, unakiingiza, unatazama kama taji limekaa sawa kwenye kasha, unakitoa tena. Nilirudia mara saba. Anayekata kwa pupa anakifanya kifupi, na kijiti kifupi hakirefuki.

Mishale nayo ina adabu yake. Ili kuing’oa, ninafunika uso wa saa kwa kipande cha plastiki laini, kisha ninanyanyua pande zote mbili kwa pamoja. Wakati wa kuirudisha ninazungusha taji polepole mpaka tarehe iruke, na hapo hapo ninaweka mshale wa saa na wa dakika ikielekea 12 bila kupinda hata kidogo, kwa sababu ukikosea hapo, tarehe yako itabadilika saa nane usiku au kabla watu hawajalala. Mshale wa sekunde huingia kwenye kijipini chenye unene wa milimita 0.20. Mashine ya ETA 2824 ya Uswisi ina kijipini cha 0.25, na ndiyo sababu mshale wa sekunde wa mashine moja hauhamii kwenye nyingine hata kama kwa macho inafanana. Saa yangu, kama Seiko 5 nyingi, ina taji karibu na namba 4 badala ya 3, kwa hiyo ilibidi nihamishe visahani vya siku na vya tarehe kutoka mashine ya zamani, la sivyo maandishi yangekaa kombo katika kidirisha cha tarehe. Na tangu siku hiyo sigusi tarehe mshale ukiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati magurudumu ya tarehe yameshaanza kushikana.

Mtu aliyefanya haya yote amejifunza kutumia kibano bila kutetemeka, kutofautisha bisibisi inayokaa vizuri kwenye mfuo wa skrubu na ile inayouchubua, na kuvuta pumzi pembeni ili asiipulizie mashine. Mkono hujengwa hivyo. Nikimtazama mwanafunzi wangu wa fizikia darasani, simpi tatizo la mitetemo kabla hajajua kupima muda, na sioni kwa nini saa iwe na kanuni nyingine.

Kuhusu neno la Mzee kwamba ile si saa ileile tena, ninafikiria chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Vijana wanaoteremsha viazi na makaa kutoka milimani hubadilisha beringi za magurudumu, kisha mpira wa tairi unaozunguka gurudumu, kisha gurudumu lenyewe, na baadaye usukani unapovunjika wanachonga mwingine. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema kwamba amepoteza chukudu yake. Anajua ni ile ile kwa sababu ndiyo iliyomlisha. Saa yangu ina kasha lilelile lenye mkwaruzo nilioupata siku nilipohama nyumba, uso uleule, na inanipeleka darasani kwa wakati uleule.

Lakini kuna saa ambazo sithubutu kuzitendea hivyo, na hapa ninakubaliana na Mzee kwa moyo wote. Jirani yangu Mama Sifa aliniletea saa ya marehemu mume wake, ya Uswisi, ya kutiwa ufunguo, yenye vito 17, akaniomba niitie mashine mpya kama nilivyofanya kwenye yangu. Nilipofungua mfuniko wa nyuma, niliona kwa ndani alama ndogo zilizokwaruzwa kwa sindano, kila moja kwa mwandiko tofauti, jinsi mafundi wanavyoweka kumbukumbu ya saa walizoziosha. Nilimwambia: “Mama, hii siigusi. Twende kwa Mzee.” Mzee alivaa lenzi yake, akatazama mfuniko kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye alama moja na kusema kwamba ilikuwa yake. Alikuwa ameiosha saa hiyo zamani, mwenyewe akiwa hai. Aliiosha tena kwa siku mbili, akaitia mafuta, na inatembea. Kama ningeitoa mashine ile na kuweka nyingine, Mama Sifa angebaki na kasha tu la kitu ambacho mumewe alikikaza kila asubuhi kwa vidole vyake, na mimi ndiye ningekuwa nimemnyang’anya. Saa ya namna hiyo ni ya fundi aliyekomaa, na mwanafunzi anayejipenda na kupenda saa atajua kuiacha.

Sharti jingine ninalolishikilia ni la ukweli. Sokoni kuna saa zilizounganishwa kutoka vipande vya saa tatu au nne, uso umepakwa rangi upya, mashine haijulikani ilikotoka, na muuzaji anaapa kwamba ni ya asili. Aliyebadilisha mashine akitaka kuiuza saa yake, amwambie mnunuzi waziwazi, na amkabidhi mashine ya zamani pamoja nayo. Mimi nimeandika kwenye karatasi ndogo tarehe niliyofanya kazi na jina la mashine niliyoiweka, nikaihifadhi pamoja na mkanda wa zamani.

Baada ya kuifunga saa, niliipima kwa programu ya simu inayosikiliza mapigo kwa kipaza sauti. Mtengenezaji anaruhusu NH36 ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku, na yangu ilikuwa inawahi sekunde 22. Nilisogeza kiwiko cha kurekebishia kwa kiasi ambacho jicho halikioni bila lenzi, nikangoja siku moja, nikasogeza tena, na sasa inawahi sekunde 6. Nimeridhika nayo.

Mashine ya zamani sikuitupa, na hili ndilo ningependa kumwambia kila anayeanza: ile iliyokufa ndiyo darasa lako. Nimeiweka katika kopo la peremende, na kila Jumapili mchana, mwanga wa dirishani ukiwa mzuri, ninaifumua na kuiunganisha tena bila hofu, kwa kuwa hakuna mtu anayeisubiri. Siku hizi Mzee ananiruhusu kuketi kando ya meza yake, na amenigawia tone la mafuta mepesi katika kichupa. Jumapili iliyopita, kwa mara ya kwanza, nilipoirudisha nanga na kulilaza gurudumu la mizani mahali pake, liliyumba kushoto na kulia lenyewe, likaendelea kwa dakika nne hivi, kisha likasimama. Nilimpelekea Mzee Jumatatu. Aliangalia kidogo tu, akasema: “Mwalimu, kito cha chini hukukiosha.” Nimeifumua tena, na vipande vyake viko katika benzini safi, chini ya kikombe.